Maswali ya Wasomaji: Machozi ya Jukwaani na Kazi ya Mwongozaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uigizaji. Mwalimu wetu mmoja hututaka tukumbuke machungu yetu wenyewe ili tulie kwelikweli jukwaani, na mwingine anatukataza kabisa. Nimejaribu njia ya kwanza: siku nyingine machozi huja, siku nyingine nabaki mkavu huku wenzangu wakinisubiri. Nimfuate yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, ugomvi wa walimu wako ulianza kabla wao hawajazaliwa. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa Urusi aliyeanzisha Jumba la Sanaa la Moscow, ukumbi wa maigizo, mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alizipitia njia zote mbili. Kwa muda alivutiwa na maandishi ya mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot kuhusu kumbukumbu ya hisia, akawataka waigizaji wachote katika yale waliyoyaishi. Baadaye aliona kwamba hisia ikiitwa kwa nguvu hukimbia, akahamishia uzito kwenye kitendo: mhusika anataka nini sasa hivi, anakitaka kutoka kwa nani, na nini kinamzuia. Lee Strasberg, mmoja wa waasisi watatu wa kundi la maigizo la Group Theatre mjini New York mwaka 1931, aliishikilia ile kumbukumbu ya hisia. Stella Adler, mwigizaji wa kundi hilohilo, alikutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi kwa majuma kadhaa, kisha akarudi na kuwaambia wenzake kwamba mzee mwenyewe sasa anasisitiza vitendo na hali anamoishi mhusika. Strasberg na Adler hawakuafikiana, na wanafunzi wao wamerithishana ubishi huo hadi darasani kwenu.

Mimi namuunga mkono Adler, na sababu umeitaja wewe mwenyewe: machozi hayana ahadi, ilhali onyesho lina saa yake. Tena, mwigizaji anayekumbuka msiba wake katikati ya mazungumzo ameshaondoka jukwaani. Macho yake yanatazama ndani, na mwenzake anabaki akizungumza na mtu asiyekuwepo. Ukichunguza vizuri, utaona pia kwamba katika maisha watu wengi hujitahidi wasilie mbele ya wengine, na jitihada hiyo ya kujizuia ndiyo inayomgusa mtazamaji kuliko machozi yenyewe.

Chukua sentensi fupi kama "Mlango uko wazi." Itamke ukitaka kumkaribisha mtu anayeona haya kuingia, kisha ukitaka kumfukuza, kisha ukitaka kumwonya kwamba kuna anayesikiliza. Usipange sauti wala sura ya uso. Shughulika tu na kile unachotaka mwenzako akifanye, na umtazame kama kimemwingia. Sauti itabadilika bila kuombwa, na mara nyingi hisia itafuata nyuma yake. Sanford Meisner, aliyekuwa pia katika Group Theatre, alijenga mafunzo yake juu ya msingi unaokaribiana na huo: waigizaji wawili hurudiarudia sentensi moja kuhusu jambo ambalo mmoja ameliona kwa mwenzake, mpaka usikivu wao wote utoke kwao wenyewe na kuhamia kwa yule aliye mbele yao.

Kumbukumbu zako zina nafasi yake nyumbani, unapomsoma mhusika na kutafuta mahali mnapofanana. Kidonda ambacho bado kibichi usikitoneshe kwa ajili ya zoezi, hata kama mwalimu anasisitiza.

SWALI: Ninaongoza kundi dogo la maigizo. Waigizaji wangu husimama tu wakisubiri niwaambie waende wapi na waseme vipi. Je, nipange kila hatua kabla ya mazoezi, au niwaachie?

JIBU: Stanislavski alipoiandaa tamthilia ya Anton Chekhov iitwayo Shakwe mwaka 1898, aliandika mapema nyendo, vituo vya ukimya, hata milio ya vyura, na tamthilia hiyo, iliyoanguka vibaya mjini St. Petersburg mwaka 1896, ikapata sifa kubwa. Kwa hiyo kupanga si kosa. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho aliiacha desturi hiyo, akawa anawainua waigizaji watende onyesho kwa maneno yao wenyewe kabla ya kukariri ya mtunzi. Kwa kundi linalosubiri kuamriwa, ningeanza na njia hii ya pili: someni onyesho pamoja, kubalianeni kila mhusika anataka nini na jambo gani linageuka, fungeni vitabu, waende wakalitende, kisha mrudi kwenye maandishi kuona walichoruka.

Jizuie kusema "huzunika zaidi" au "kasirika kidogo." Hayo ni matokeo, na mwigizaji hawezi kuyatenda. Badili hali. Tuseme ndugu wawili wanagombania urithi, nao wanapiga kelele tupu. Waambie kwamba mama yao mgonjwa amelala nyuma ya ukuta. Hapo hapo sauti zitashuka, taya zitakaza, na ugomvi utakuwa mkali kuliko ulivyokuwa. Mpangilio wa viti na milango ubaki mikononi mwako, kwa sababu wewe ndiye unayeona kutoka kwenye viti vya hadhira nani amemziba nani.

SWALI: Je, uhalisia, yaani kuigiza maisha kama yalivyo, unaturuhusu kuipa hadhira mgongo na kuongea kama tunavyoongea sebuleni?

JIBU: Mgongo, ndiyo. André Antoine, aliyeanzisha kundi la maigizo la Théâtre-Libre mjini Paris mwaka 1887, alijulikana kwa hilo, kama alivyojulikana kwa kutundika mapande ya nyama halisi jukwaani mwaka 1888. (Nyama ile imezungumzwa kuliko uigizaji wa siku hiyo, jambo linalopaswa kumfikirisha anayedhani kwamba vifaa halisi vinatosha.) Sauti ni jambo jingine. Aliyeketi safu ya mwisho lazima asikie kila neno, hata la siri, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya pumzi na matamshi kila siku, na mumweke mtu mwisho wa ukumbi anyooshe mkono kila neno linapompotea.