Jibu: Maji ya kwenye lobelia, mgeni anywe au asinywe?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, mgeni wako juu ya kambi ya Horombo, Kilimanjaro, alikuta maji katikati ya lobelia, ule mmea mkubwa wa mlimani, akataka kujaza chupa, nawe ukakosa la kumwambia. Mwambie asinywe. Jamii ya lobelia ina lobelini, sumu inayoleta kichefuchefu na kutapika. Ukiwa kule juu, utajuaje kama mtu anatapika kwa mmea au kwa mwinuko?

Mimi nilianza kama mpagazi, nikitokea Moshi, na siku hizi wageni wangu nawaamsha kabla jua halijapiga. Majani ya lobelia yamejifunga kama kabichi. Ukigusa taratibu kwa kidole, juu kuna barafu nyembamba, chini yake maji bado ni maji, na kichipukizi kimelala humo salama. Hiyo ndiyo kazi ya yale maji.

Baadaye msubirini ndege chozi, yule wa kijani kinachong'aa, dume lenye mkia mrefu. Maua ya buluu ya lobelia yamejificha, lakini mdomo wake uliopinda unayafikia. Anafyonza asali na kudonoa wadudu. Mlima Kenya, pimbi huitafuna lobelia.

Akiuliza mmea wenye kazi kwa watu, mkishuka Marangu mwonyeshe isale kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga. Mchaga akikuletea jani lake kuomba msamaha, kukataa ni vigumu.

Na asichume lobelia! Pale ni hifadhini, tena kila shina likishatoa maua hufa.