Barua kwa mwanangu: kasoro ya bondia na msisimko wa mtazamaji

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi huku nyumbani ni wazima. Nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Unasema ulitazama mfululizo mapambano ya bondia Deontay Wilder, kisha ukageukia yale ya Wladimir Klitschko, na ukashangaa kwamba Wilder, ambaye hata wewe usiyewahi kuvaa glovu unaona anarusha mikono ovyo na miguu inampishana, alikufanya uinuke kitini, ilhali Klitschko, anayesifiwa na wataalamu, alikuletea usingizi. Unataka kujua kama katika uzito wa juu ufundi mbovu ndio unaonogesha ngumi, na kama ni hivyo, je, kocha anayemsahihisha bondia wa namna hiyo haharibu kitu kizuri?

Mimi naamini kasoro peke yake hainogeshi chochote. Kinachonogesha ni hatari ambayo mtazamaji anaiona inakuja kabla haijafika, na kasoro ni mojawapo tu ya milango ambayo hatari hiyo hupitia. Katika uzito wa juu mlango huo ni mpana kuliko kwingine. Uzito huo huanzia pauni 200, yaani karibu kilo 91, na hauna kikomo cha juu. Bondia mwepesi akiacha kidevu wazi, mara nyingi hupoteza pointi au raundi, na anao muda wa kujirekebisha. Bondia wa kilo 110 akikiacha wazi mbele ya mwenzake wa kilo kama hizo, pambano zima linaweza kumalizika kabla mtazamaji hajaelewa nini kimetokea. Ndiyo maana kosa lile lile dogo lina uzito tofauti kabisa ulingoni.

Sasa mtazame Wilder kwa makini. Alianza ngumi akiwa na umri wa miaka 20, umri ambao wenzake wengi wanakuwa wamekwisha kukaa miaka kumi mazoezini, na miaka mitatu tu baadaye akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008. Kwa hiyo kuna mambo ya msingi ambayo hakuyaweka mwilini mapema. Anapotaka kumaliza kazi, mkono wa kulia anautoa mbali, karibu nyuma ya bega, na mwili wote unaufuata mpaka mguu wa nyuma unanyanyuka sakafuni. Konde likikosa shabaha, anabaki ameinama mbele, kidevu kiko wazi na hana pa kukanyagia. Lakini ni mwendo huo huo, wa mwili mzima kuingia katika konde moja, unaowaangusha watu. Kasoro yake na nguvu yake zinatoka mahali pamoja. Kila anapovuta mkono nyuma, wewe mtazamaji unajua kwamba mmoja kati ya wawili wale yuko taabani, na hujui ni yupi.

Ongeza mbele yake mtu mwenye ufundi, na hapo ndipo ngumi zinapokolea. Tarehe 1 Desemba 2018, huko Los Angeles, Tyson Fury alimchezea Wilder kwa raundi nyingi kama anavyotaka: alisogeza kichwa, akamfanya apige hewa, akampiga jebu, lile konde la moja kwa moja la mkono wa mbele, na kuondoka. Wilder alimwangusha raundi ya tisa, Fury akainuka na kuendelea na kazi. Raundi ya kumi na mbili, Wilder alimpata kwa mkono wa kulia, na Fury alipokuwa anakwenda chini akaongezewa wa kushoto, akalala chali, mikono imetawanyika. Wilder alikwisha kuanza kushangilia. Mwamuzi Jack Reiss aliendelea kuhesabu badala ya kusimamisha pambano pale pale, na Fury akaamka kabla ya kumi, hesabu inayomaliza pambano, akamaliza raundi akipigana. Majaji walitoa sare. Jiulize msisimko ule ulitoka wapi. Haukutoka katika makonde yaliyokosa shabaha. Ulitoka katika dakika zaidi ya thelathini za ufundi wa Fury, ambazo zilitufanya tujue ni nini hasa kinachoweza kupotea kwa konde moja.

Ushahidi wa hoja hii uko katika pambano lao la pili la Februari 2020. Wilder alikuwa na kasoro zake zote zile zile. Safari hii Fury hakurudi nyuma, alimfuata, akamwegemea, akamnyima nafasi ya kuvuta mkono. Wilder alianguka raundi ya tatu na ya tano, na raundi ya saba kona yake, yaani makocha wake, ikarusha taulo, ishara ya kusalimu amri. Kama kasoro ndiyo inayonogesha, pambano lile lingekuwa tamu kuliko la kwanza, kwa sababu zilionekana wazi zaidi. Mimi niliona mtu anaumizwa bila kuwa na jibu, na nilishukuru taulo lilipoingia. Hatari ilikuwa imebaki upande mmoja. Pambano la tatu, Oktoba 2021, likarudisha kila kitu: Wilder alianguka raundi ya tatu, akamwangusha Fury mara mbili katika raundi ya nne, na akapigwa nokauti raundi ya kumi na moja. Hapo pande zote mbili zilikuwa na cha kuogopa.

Kuhusu Klitschko, usingizi wako nauelewa, lakini nadhani umeutafutia sababu isiyo yake. Hukusinzia kwa sababu ana ufundi. Itazame kazi yake dhidi ya Alexander Povetkin huko Moscow, Oktoba 2013. Alimwangusha mpinzani wake mara nne, na majaji wote watatu wakampa pointi 119 kwa 104, na bado wengi tuliona ni pambano la kuchosha, kwa kuwa kila Povetkin alipokaribia alikumbatiwa na kuelemewa shingoni mpaka mwamuzi aje kuwatenganisha. Mara nne mtu chini, na hakuna msisimko! Ufundi ulitumika kufunga kila mlango, wa kwake na wa mwenzake. Lakini ufundi haulazimiki kutumika hivyo. Oleksandr Usyk ana miguu na jicho ambavyo sijaviona kwa mtu mwingine wa uzito wake, na Mei 2024 huko Riyadh, alipokutana na Fury, hakujificha nyuma ya ufundi huo. Alikuwa mfupi na mwepesi kuliko mwenzake, akateseka katika raundi za katikati, kisha raundi ya tisa akamwandama Fury kamba hadi kamba mpaka mwamuzi akalazimika kumhesabia kama aliyeangushwa. Alishinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Sikuona konde la ovyo katika raundi ile, na sikuweza kukaa.

Liko jambo jingine ambalo ningependa ulijue, kwa sababu ndilo lililonifanya niupende mchezo huu. Kasoro inayosisimua kuliko zote ni ile ndogo iliyo ndani ya fundi mkubwa. Mwaka 1936 Joe Louis alikuwa hajapoteza pambano hata moja la kulipwa, na ukitazama picha zake utadhani mikono ile haikosei. Max Schmeling, Mjerumani ambaye wengi walimwona amekwisha, alimchunguza na kugundua kwamba Louis, baada ya kurusha jebu ya kushoto, huurudisha mkono ukiwa chini kidogo. Basi. Mkono uliokuwa unashuka kidogo. Tarehe 19 Juni, katika Yankee Stadium, Schmeling alisubiri jebu na kupitisha mkono wa kulia juu yake, akafanya hivyo tena na tena, akamwangusha raundi ya nne na kummaliza raundi ya kumi na mbili. Ukilitazama pambano hilo ukiwa hujui siri, utaona mtu anapigwa. Ukiijua, kila jebu ya Louis inakushtua, hata ile ambayo Schmeling hakuijibu. Miaka miwili baadaye walirudiana uwanja ule ule, na Louis akamaliza kazi kwa sekunde 124.

Muhammad Ali huwa anatajwa sana katika mjadala huu, kwa kuwa alishusha mikono na kukwepa kwa kuvuta kichwa nyuma, jambo ambalo kocha yeyote angelikemea. Kwa Ali inabidi tutenganishe mambo. Kujiegemeza kwenye kamba mbele ya George Foreman pale Kinshasa, Oktoba 1974, ilikuwa ni kuvunja kanuni kwa akili, na Foreman, aliyekuwa anarusha makonde mapana yasiyo na kipimo, alichoka na kuanguka raundi ya nane. Kushusha mikono, hata hivyo, alikuwa analipia. Henry Cooper alimwangusha kwa mkono wa kushoto huko London mwaka 1963, na Joe Frazier akamwangusha kwa mkono huo huo katika raundi ya kumi na tano mwaka 1971. Kasi ya ujana ilikuwa inaificha kasoro, na kasi ilipopungua kasoro ilibaki pale pale. Ninaposhangilia mapambano yake ya miaka ya mwisho, furaha yangu haiko kamili, kwani najua ni makonde mangapi yalimfikia ambayo kinga ya kawaida ingeyazuia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, na mimi niko upande wa kocha. Charley Goldman alipomchukua Rocky Marciano alikuta kijana mwenye mikono mifupi mno kwa uzito huo, asiyejua kupanga miguu. Hakujaribu kumgeuza awe mcheza jebu. Alimfundisha kuinama na kuingia kwa chini, na lile konde la kulia akaliacha na nguvu zake. Mwaka 1952, huko Philadelphia, Marciano aliangushwa na Jersey Joe Walcott katika raundi ya kwanza, akawa nyuma kwa majaji wote watatu, kisha raundi ya kumi na tatu akammaliza kwa konde moja fupi la mkono huo wa kulia. Alistaafu na mapambano 49 bila kushindwa. Kocha mzuri anajua kasoro ipi ni ya kuondoa na ipi ndiyo inayobeba nguvu ya mtu.

Klitschko naye alisahihishwa, na hili sidhani kama ulilijua. Alikuwa bondia wa kushambulia mpaka Corrie Sanders alipommaliza raundi ya pili mwaka 2003 na Lamon Brewster raundi ya tano mwaka 2004. Baada ya hapo yeye na kocha wake, Emanuel Steward, walijenga mchezo ule wa jebu, umbali na kukumbatia. Wewe ukapata usingizi, yeye akapata ubingwa kuanzia 2006 hadi 2015. Siwezi kumlaumu hata kidogo.

Ila kabla hujamhukumu, litafute pambano lake na Anthony Joshua, Wembley, Aprili 2017, mbele ya watu 90,000. Klitschko ana miaka 41. Anaangushwa raundi ya tano, na raundi ya sita anamwangusha Joshua kwa mkono wa kulia, kisha anangoja, anapima umbali kwa jebu kama alivyofundishwa, na Joshua anapata muda wa kupona na kuja kumsimamisha raundi ya kumi na moja. Itazame raundi hiyo ya sita na zinazofuata bila haraka, halafu niandikie unavyoona wewe: je, ni tahadhari yake iliyompotezea pambano, au ndiyo iliyomfanya aweze kusimama hadi pale?

Ni mimi,
Baba yako