Askari Akivua Buti: Maswali Yenu kuhusu Saa za Mapumziko Kambini

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti, nalo ni hili: askari kijana hufanya nini pale ambapo hayuko kwenye kwata, kwenye lindo wala kwenye kazi aliyopangiwa? Nimelitumikia jeshi kwa miaka 28 na kustaafu nikiwa sajinitaji, kwa hiyo ninayoyajibu hapa nimeyaishi. Walioniuliza kuhusu silaha, idadi ya askari na mpangilio wa vikosi wasisubiri jibu.

Nimemaliza kidato cha sita na nimepangiwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Mafinga. Je, jioni na Jumapili tutakuwa huru, na nibebe nini cha kupitishia muda? (Kijana, Tanga)

Utakuwa na muda wako, kijana wangu, lakini utakuwa muda wa vipande vipande: nusu saa hapa kabla ya foleni ya chakula, robo saa pale baada ya kuoga, na mchana wa Jumapili baada ya ibada ikiwa hakuna fatiki, yaani kazi ya mikono, iliyojitokeza ghafla. Siku huanza saa kumi alfajiri au karibu na hapo, mchakamchaka hufuata, kisha usafi, uji, kwata na madarasa, hivyo jua linapokaribia kuzama mwili hauulizi mchezo bali unauliza mahali pa kuegemea. Nimewahi kumwona kuruta, yaani askari mwanafunzi, amelala fofofo akiwa amesimama kwenye foleni ya bwalo, sahani mkononi, na mwenzake nyuma akimsukuma taratibu kila foleni iliposogea.

Muda huo mdogo kwanza huliwa na kufua. Fulana ya kijani na bukta ya bluu iliyokolea ni chache, vumbi ni jingi, na afande wa ukaguzi hapokei udhuru wa mvua. Baada ya kufua vijana hunyoana, hushona vifungo, husafisha viatu, na mikono ikiwa inafanya hayo midomo hupiga soga. Hapo ndipo penye starehe yenyewe. Katika hanga moja, yaani bweni, utamkuta kijana wa Bukoba anayelalamikia maharage kwa sababu amekosa ndizi, wa Mtwara anayesimulia msimu wa korosho, na wa Unguja ambaye hajawahi kuiona baridi ya namna hiyo. Wewe utokaye Tanga utakuwa upande wa huyo wa mwisho, maana Mafinga ni nyanda za juu na baridi yake ya Juni na Julai haina utani. Lile agizo la kubeba nguo za kuhimili baridi, lililo katika tangazo la wito, usilichukulie kama pambo.

Kuhusu cha kupitishia muda, acha simu nyumbani. Beba daftari dogo, kalamu mbili, sindano na uzi. Daftari litakusaidia kuandika mashairi ya chenja, yaani nyimbo za mchakamchaka, kabla hujayasahau, na mwenye sindano hanga zima humjua jina kabla ya wiki ya kwanza kuisha. Kufuli nalo usilisahau.

Mwanangu yuko JKT kwa kujitolea, huu ni mwezi wa pili na sijasikia sauti yake. Baba yake anasema huenda amefungwa. (Mama, Singida)

Pole, mama. Hajafungwa. Katika kipindi cha mafunzo ya awali kuruta hawi na simu yake, na hilo hufanywa kwa makusudi, kwa sababu kijana anayezungumza na nyumbani kila jioni huendelea kuishi nyumbani hata kama mwili wake uko kambini. Mafunzo hayo yakiisha na akaingia katika kazi za kambi, mawasiliano hulegea.

Naomba pia nimtetee kidogo mzee wako, kwa sababu hofu yake ina chanzo. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na kwa miaka mingi kupita humo lilikuwa jambo la kawaida kwa msomi. Ungemkuta mwalimu, daktari na karani wote wakisimulia kambi zao kwa kulinganisha. Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria, yaani yale ya lazima kwa wahitimu, yalisitishwa, na hayakurejea hadi 2013. Wazazi wengi wa vijana wa leo wamo katika pengo hilo: babu aliipitia, mjukuu anaipitia, na wao wa katikati wameijua kwa hadithi tu, na hadithi za kambini, kama za wavuvi, hukua kila zinaposimuliwa.

Likitokea jambo zito la kifamilia, kama msiba au ugonjwa, usihangaike na namba za watu usiowajua wanaodai kuwa wanaweza kukuunganisha na mwanao kwa malipo. Nenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya yako, naye atajua namna ya kuufikisha ujumbe kwa mkuu wa kambi.

Mimi ni askari mwenye mwaka mmoja na nusu kazini. Kila mwisho wa mwezi natoka na wenzangu, na ikifika tarehe 10 mfuko umekauka. Nikikataa naitwa mchoyo. Jumapili zisizo na lindo ndizo mbaya zaidi. (Praiveti, sitaji kikosi)

Umefanya vyema kutotaja kikosi. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua barua moja tu ya kujibu, ningechagua yako, kwa sababu katika miaka yangu yote niliona vijana wachache sana walioshindwa na mbio za kilomita nyingi, na wengi walioshindwa na mchana wa Jumapili.

Hebu tulitazame jambo lenyewe lilivyo. Kwa miezi mingi ya mafunzo ulipangiwa saa ya kuamka, ya kula, ya kukimbia na ya kulala, na hukuwa na fedha ya kutosha kukutia matatani. Kisha siku moja ukapewa mshahara na mchana mzima mtupu, vyote viwili kwa pamoja, na hakuna afande aliyepuliza filimbi kukueleza hatua inayofuata. Kijana asiyezoea kujipangia humwachia mwenzake ampangie, na mwenzake naye hajui zaidi ya kantini na baa iliyo nje ya geti. Sidhani kama wenzako ni waovu. Ni wapweke kama wewe, na upweke ukinunuliwa bia huonekana kama urafiki.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hadi koplo mmoja aliyelala chumba cha pili akaniita nikamsaidie kubeba ndoo za maji. Alikuwa na bustani ya mchicha na nyanya nyuma ya makazi, eneo lisilozidi vitanda viwili kwa upana, na kila Jumapili alikuwa pale saa mbili asubuhi akiwa na bukta na redio ndogo. Sikuipenda bustani mwanzoni. Nilichokipenda ni kwamba kulikuwa na mahali pa kwenda. Baada ya kumwagilia tulikaa chini ya mwembe tukacheza drafti kwa vizibo vya soda, yeye kwa vilivyotazama juu na mimi kwa vilivyogeuzwa, na alinifunga kwa muda wa miezi minne mfululizo kabla sijamfunga mara ya kwanza. Siku hiyo nilisahau kabisa kwamba mshahara ulikuwa umeingia.

Kwa hiyo sikuambii uwakatae wenzako, maana kambini mtu anayekaa peke yake kila siku naye huleta wasiwasi. Toka nao mara moja kwa mwezi, ukiwa na fedha uliyoihesabu kabla ya kutoka, na nyingine usiwe nayo mfukoni wala kwenye simu inayofunguka kwa kidole. Siku nyingine uwe na shughuli yenye saa maalumu na mtu anayekusubiri: timu ya mpira ya kombania, kwaya, drafti, bao, au masomo. Nimewajua askari waliomaliza shahada kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku wakiingia lindo kama kawaida, baada ya kuomba kibali kwa wakuu wao. Ukiwa na mtihani mwezi ujao, hakuna atakayekuita mchoyo. Watakuita profesa, na hilo ni jina unaloweza kuishi nalo.

Jambo la mwisho kwako ni mikopo. Ukiishiwa tarehe 10, usiguse ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa iitwayo kausha damu, wala usimkabidhi mtu kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri kama dhamana. Nimeona sajini mwenye watoto watatu akipokea mshahara kwa macho tu kwa muda wa mwaka mzima. Afadhali umweleze sajini wako mapema ukiwa na deni dogo. Atakugombeza, na baada ya kukugombeza atakusaidia.

Nacheza netiboli vizuri sana. Nikiingia jeshini, nitasamehewa kazi nyingine? (Binti, Mbeya)

Hutasamehewa kuwa askari, binti yangu, ila utapata nafasi ya kufanya mazoezi ambayo wengi wa uraiani hawaipati. Uwanja, kocha, chakula cha uhakika na wenzako wanaoamka alfajiri bila kubembelezwa ni mtaji mkubwa. Ndiyo maana orodha ya wanamichezo wa taifa hili ina sare nyingi ndani yake. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari. Juma Ikangaa, aliyeshinda mbio za New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, alikuwa ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Na Septemba 2025 Alphonce Simbu, naye wa JWTZ, aliipa Tanzania dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha pale Tokyo, baada ya marathoni ya kilomita 42 kuamuliwa kwa picha ya mstari wa mwisho, yeye na Mjerumani Amanal Petros wakiwa wameandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48.

Kwa wanawake, JKT Queens wamefika hadi Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya soka. Netiboli nayo ina heshima yake katika michezo ya majeshi inayosimamiwa na BAMMATA, yaani Baraza la Michezo ya Majeshi Tanzania, na ushindani wake ni mkali kuliko watazamaji wanavyodhani. Lakini tambua kwamba kwanza utaingia kama kuruta, utapiga kwata kama kuruta, na hakuna atakayejali jinsi unavyofunga mabao hadi umalize mafunzo.

Kaka yangu ameacha koti la kombati nyumbani. Naweza kulivaa kwenye baridi? (Kijana, Njombe)

Hapana. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, wala hata nguo zinazofanana nazo. Likunje, uliweke mahali pakavu, na umwambie kaka yako aje alichukue haraka, kwa sababu naye ana maelezo ya kutoa.

Mchumba wangu ni askari. Kila nikitaja ndoa anasema lazima aombe ruhusa kazini. Je, ananizungusha? (Dada, Kigoma)

Ruhusa ni jambo la kweli. Askari humtaarifu mkuu wake kabla ya kuoa, na hata safari ya kuja kwenu kujitambulisha inahitaji likizo au pasi yenye tarehe ya kutoka na ya kurudi. Ila ruhusa huombwa kwa barua, na barua huandikwa jioni moja. Mwulize kwa upole ameiandika lini. Akikutajia tarehe, subiri, maana majibu ya jeshi hayaendi mbio. Akianza kukueleza ugumu wa kazi kwa mara ya tano bila kutaja tarehe yoyote, hapo tatizo haliko kwa mkuu wa kikosi.

Baba husema zamani jeshi lilikuwa na bendi za dansi. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ni kweli kabisa. JWTZ ilikuwa na Mwenge Jazz, JKT ikawa na Kimulimuli, na Polisi na Magereza nao walikuwa na zao. Wapigaji walikuwa waajiriwa wenye vyeo, waliopiga gitaa usiku wa Jumamosi na kuhudhuria paredi Jumatatu. Mwambie baba akusimulie alicheza wapi. Nina hakika hilo hulijui.

Nimerudi kutoka JKT wiki tatu zilizopita. Kila siku naamka saa kumi alfajiri wakati nyumba nzima imelala, na sijui nifanye nini. Hali hii itaisha lini? (Binti, Morogoro)

Kwa wengi huisha baada ya mwezi mmoja au miwili. Kwangu mimi, ambaye nimestaafu mwaka wa tisa sasa, bado haijaisha. Nikiamka nafagia uwanja, nabandika uji, kisha nakaa kibarazani na drafti yangu nikisubiri jirani aamke. Yeye huamka saa moja.