Doa la silingi: ingia darini kwanza, usikimbilie kubadilisha bati

Mkuu, umeeleza kwamba silingi ya sebuleni imeota doa la kahawia tangu mvua za vuli, na fundi aliyekuja akatazama akiwa chini, kisha akasema bati zote zimechoka, zibadilishwe kabla ya masika. Usitoe hela bado. Mimi yalinipata hayohayo hapa Kimara, na nililipa mafundi watatu kabla ya kujua maji yanaingilia wapi.

Nyumba yangu imeezekwa kwa bati za geji 30. Doa lilikuwa karibu na taa ya sebuleni. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kwenye misumari yote ya upande ule. Mvua iliponyesha doa likatanuka. Wa pili akapaka lami juu ya ile silikoni. Wa tatu akabadilisha bati mbili, doa likabaki palepale. Ndipo mzee mmoja jirani, aliyepaua nyumba nyingi mtaani kwetu, akaniuliza, "Mwanangu, umeshaingia darini?" Nilikuwa sijaingia hata siku moja.

Tuliingia saa tatu asubuhi, jua limeshatoka lakini bati halijawaka moto. Tulizima tochi kwanza, maana kukiwa na giza tundu lolote la bati linajionyesha kwa mwanga wake. Juu ya sebule hapakuwa na tundu hata moja. Mzee akawasha tochi, akamulika kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa, akanionyesha mchirizi mweusi kwenye mbao. Tukaufuata kuelekea juu, karibu mita tatu, hadi pale miteremko miwili ya paa inapokutana na kufanya bonde. Tulipopanda nje tukakuta mfereji wa bondeni umejaa majani ya mwembe, na katikati yake kiota cha kunguru: vijiti, vipande vya waya, mfupa wa kuku. Maji yakikosa njia yalipanda pembeni, yakapita chini ya ncha za bati, yakateleza na kenchi mpaka kwenye taa. Bati lilikuwa zima kabisa! Tulitoa ndoo mbili za uchafu, na masika yote silingi ikabaki kavu.

Kwa hiyo fanya hivyohivyo. Ukiwa darini kanyaga mbao tu, jipsamu haikubebi. Kama doa liko karibu na taa kama langu, zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujagusa chochote.

Ukikuta matundu, mara nyingi yatakuwa kwenye misumari. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku, na kwa miaka mchezo huo huutoa msumari taratibu. Raba yake nayo hukauka na kupasuka. Msumari uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lilelile, hautashika. Ung'oe, weka skrubu nene zaidi yenye raba mpya, na ukaze mpaka raba ibonyee kidogo tu. Ukiikaza sana inakatika. Silikoni ukiipaka juu ya kutu au vumbi inabanduka. Sugua kwanza kwa brashi ya waya, futa, acha pakauke.

Nyumba zilizo jirani na bahari, kama Kigamboni na Kunduchi, zinahitaji jicho la karibu zaidi kwa sababu chumvi inakula bati haraka. Na kama nyumba ni ya zamani yenye paa la asbesto, usisugue wala kukata chochote, vumbi lake linaharibu mapafu.

Angalia pia mafundi wa dishi na wa sola. Wengi hukanyaga katikati ya bati badala ya kwenye mstari wa misumari, ambako chini kuna papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, basi bati linabonyea na maji yanatuama. Wakikata chuma kwa grainda juu ya paa, zile cheche zinaunguza rangi, na vumbi la chuma linaota kutu juu ya bati lako. Mimi sasa fundi wa dishi namwambia alifunge ukutani, si juu ya paa.

Gata na ule mfereji wa bondeni nausafisha mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Mwembe ukiwa karibu, ongeza mara moja katikati. Panda bati likiwa kavu, mtu akushikie ngazi, na kama nyaya za umeme zinapita karibu na paa, usipande.

Ukishaingia darini, piga picha ya mchirizi wa maji kwenye kenchi uiweke hapa. Piga pia picha ya paa kutoka nje, upande huohuo, tuone kama kuna bonde, au kofia (bati la kufunika kilele cha paa) iliyolegea.