Muhuri Usome Mwisho: Namna Ninavyochagua Seti za Chai za Zamani

Bibi yangu, nyumbani kwetu Mji Mkongwe, alikuwa na buli la kauri lenye maua ya buluu, ambalo mdomo wake ulimeguka kabla mimi sijazaliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuliteremsha kutoka kwenye kidaka chake isipokuwa yeye mwenyewe. Nilipohamia Uingereza nikakuta mabuli yanayofanana na lile yakiuzwa kwa pauni chache katika maduka ya hisani na masoko ya Jumapili, nilianza kununua kwa pupa. Miaka kumi na tano imepita tangu hapo, na katika yote niliyojifunza lipo shauri moja ambalo ningependa kila anayeanza alipate mapema: seti ya chai ya zamani ikague kwanza kwa vidole, kwa masikio na kwa mwanga, na muhuri ulio chini yake uusome mwisho.

Wanunuzi wengi hufanya kinyume, nami nilikuwa mmoja wao. Niliwahi kugeuza kisahani, nikaona jina la kiwanda kikubwa, nikalipa papo hapo bila kushika hata kikombe kimoja. Wiki iliyofuata nilimkaribisha shangazi yangu, nikammiminia chai ya moto, na alipokiinua kikombe, mkono wa kikombe ukabaki vidoleni mwake huku kikombe chenyewe kikianguka mapajani. Mkono huo ulikuwa umegundishwa na kupakwa rangi kwa ustadi mkubwa, na muuzaji hakusema neno. Namshukuru Mungu kwamba chai ilikuwa imekwisha kupoa kidogo.

Tangu siku hiyo ninakishika kila kipande. Ninapitisha ncha ya kidole polepole ukingoni mwote, kwa sababu pengo dogo ambalo jicho halilioni kidole hulihisi, na pale ambapo ukingo umekuwa bapa ghafla huenda mtu aliusaga ili kuficha sehemu iliyomeguka. Kauri ni baridi na ngumu, ilhali rangi ya kufichia kiraka huwa na uvuguvugu na ulaini fulani ambao mkono huzoea kuutambua. Kisha ninakiweka kikombe juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja na kukigonga ukingoni kwa ukucha wa mkono mwingine. Kikombe kizima cha kauri hulia kama kengele ndogo na mlio wake hudumu, ilhali chenye ufa hutoa sauti fupi na butu. Mwisho ninakielekeza dirishani na kuweka vidole upande wa pili: kauri nzuri hupitisha mwanga hadi ukaona kivuli cha vidole vyako, na ufa mwembamba uliokwisha kunywa chai ya miaka mingi hujitokeza kama unywele mweusi. Tochi ndogo ya kukagulia noti husaidia pia, maana gundi na rangi nyingi za kisasa hung'aa tofauti na kauri chini ya mwanga wake.

Vyombo vya udongo wa kawaida havitapitisha mwanga wala kulia kama kengele, na hilo si kosa lake. Lakini ukiona uso wake umejaa utando wa nyufa nyembamba kama wavu, kinunue kwa ajili ya kidaka tu. Chai na maziwa hupenya katika nyufa hizo, na vyombo vingi vya zamani vilipakwa mng'ao wenye madini ya risasi, kwa hiyo mimi sivinywei.

Baada ya hapo, hesabu. Watu husikitika wakikuta seti ya Kiingereza haina buli, wakidhani limevunjika, ilhali seti nyingi ziliuzwa hivyo tangu mwanzo. Seti ya vipande 21 ni vikombe 6, visahani 6, sahani ndogo 6, sahani moja kubwa ya keki, jagi la maziwa na bakuli la sukari. Familia nyingi zilimimina chai kutoka buli la madini au la udongo wa kahawia. Kilicho muhimu zaidi ni kuhakikisha kwamba vikombe vyako vinakaa vyema katika visahani vyake, kwa kuwa wauzaji huchanganya seti mbili zilizofanana maua, na kikombe cha ugenini hucheza hata ukikisukuma kidogo tu.

Sasa ndipo unapogeuza kisahani. Neno "England" peke yake lilienea kuanzia 1891, baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 kudai kwamba bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotengenezwa. "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Alama yenye umbo la almasi ilitumika kusajili michoro kati ya 1842 na 1883, na kuanzia 1884 nafasi yake ikachukuliwa na namba ya usajili inayotanguliwa na "Rd No". Kwa vyombo vya Kijapani, "Nippon" ilitumika hadi 1921, na baadaye ikawa "Japan". Jihadhari sana na mwaka ulioandikwa ndani ya muhuri, kwani mara nyingi ni mwaka wa kuanzishwa kwa kiwanda. Nimewaona watu wazima wakilipia kikombe cha miaka ya 1970 kana kwamba kina miaka mia mbili.

Umaarufu nao si uhaba. Seti ya kiwanda cha Kiingereza cha Royal Albert yenye mawaridi mekundu na ya manjano, Old Country Roses, ilibuniwa na Harold Holdcroft ikatolewa 1962, na imetengenezwa kwa wingi mno. Naipenda, lakini sitailipia bei ya kitu adimu. Zile za mwanzo zilitoka Longton, mmoja wa miji sita ya Stoke-on-Trent nchini Uingereza, ambako hadi leo jumba la makumbusho la Gladstone limehifadhi matanuru yenye umbo la chupa. Ukisimama ndani ya tanuru lile, ukayatazama matofali yaliyoungua hadi kung'aa, utakishika kikombe kwa heshima nyingine. Huko ndiko kauri ya mifupa ilikoimarika tangu mwishoni mwa karne ya 18, na karibu nusu ya mchanganyiko wake ni jivu la mifupa, kwa desturi ya ng'ombe. Ninalitaja kwa sababu wapo wasomaji ambao wangependa kulijua kabla ya kununua.

Buli lijaribu kwa maji, na ukikataliwa ondoka. Lijaze, limimine, uone kama linadondosha matone shingoni. Chungulia pia ndani, pale mdomo unapoanzia, uone vitundu vya kuchujia. Vikiwa vidogo mno, chai yetu ya iliki na tangawizi itaviziba kabla ya kikombe cha pili. Chai ya maziwa inayotoka jikoni ikitokota isiingie katika kauri baridi. Suuza buli na vikombe kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Madoa yasugue kwa magadi ya kuokea yaliyoloweshwa kidogo, na chombo chenye ukingo wa dhahabu kisiingie kamwe katika maikrowevu wala mashine ya kuoshea vyombo.

Ukisafirisha seti kwenda nyumbani, sahani zipange zikisimama kwa ukingo, kila moja ndani ya kitambaa chake, na vikombe usivitie kimoja ndani ya kingine. Mfuniko wa buli ufunge peke yake. Mimi hutumia khanga kuukuu, kwa kuwa ni laini kuliko karatasi na forodhani hufunguliwa na kufungwa tena bila kuchanika, na buli lenyewe hulibeba mkononi hadi ndani ya ndege.