Sanduku la waandishi: Siri imetoka mapema

SWALI: Shikamooni wahariri. Naandika riwaya ya kuchekesha. Bibi, mama na binti, Wamakonde, wanaishi nyumba moja Mikindani, na kila mtu akisema uongo jikoni, chungu kinapasuka. Siri ni kwamba baba mzazi wa binti si yule anayejulikana. Nimeambatisha mpango wa sura zote, pamoja na unyago wa binti na mjomba anayempangia ndoa. Siri nimeitoa sura ya 4 kati ya 18, na walionisomea wanasema kuanzia hapo hadithi inapoa. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba. Kuihamisha siri hakutoshi, maana yenyewe ni nyepesi. Kwa desturi Wamakonde hufuata ukoo wa mama, kama Wamwera na Wayao. Binti akibadilishiwa baba, ukoo wake uko palepale na mjomba ni yuleyule. Majirani watanong'ona, basi. Mbadilishie mama. Aliyemzaa awe wa ukoo mwingine, na hapo mjomba anayejidai kupanga ndoa yake hana sauti tena. Sasa kila mtu nyumbani ana sababu ya kuficha.

Fichua sura ya 14. Kabla ya hapo tumia doti ya kanga: vipande viwili, jina moja. Sura ya 3 binti ajitande kipande kilichochakaa. Sura ya 9 mchuuzi wa samaki, ambaye ndiye aliyemzaa, apite amejifunga kipande cha pili, nawe usieleze kitu. Sura ya 14 vianikwe kamba moja. Dokezo la mara moja husahaulika, la mara nne ni tangazo. Jina la kanga libuni mwenyewe.

Chungu nacho kinataka sheria: kipasuke kwa uongo, si kwa kunyamaza. Bibi atalazimika kujibu kwa kuzungukazunguka, "Aliyekuzaa hakosi soko la samaki," na kicheko kiko hapo. Vyungu vitano kitabu kizima vinatosha. Ulivyopanga wewe, kila sura kimoja, msomaji atavizoea. Na mama aliyemlea akitamka "Huyu ni mwanangu" mbele ya ukoo mzima, kisipasuke. Usifafanue.

Kwenye unyago, nyimbo na mafumbo halisi ya wari yaache huko huko. Kungwi aingie na kutoka, ngoma isikike kwa nje.

Halafu kwenye mpango wako kuna mabibo yaliyoiva mwezi Aprili! Yapeleke Oktoba, la sivyo wasomaji wa Newala hawatakuamini hata kwenye vyungu.