Panya hawalipukiwi na mabomu, ndo maana wanatumika

Ndugu yangu uliyesema kutuma panya kutafuta mabomu ni kuwatoa kafara, hapana, si hivyo kabisa. Panya buku ana kilo moja na kitu hivi, hana uzito wa kulipua bomu la ardhini. Na hawa wanafundishwa hapa hapa Morogoro, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, na shirika la APOPO, wananusa baruti yenyewe sio chuma, kwa hiyo misumari na makopo ya zamani hayawasumbui kama yanavyosumbua zile mashine za kutafuta vyuma. Anavalishwa mkanda, kamba inashikwa na watu wawili upande huu na upande ule, anaenda anarudi anaenda anarudi, akinusa kitu anakwaruza ardhi, anasikia mlio wa tiki wa anayemwongoza anajua zawadi ipo, anapewa ndizi au karanga. Wanaanza asubuhi mapema maana jua linawaumiza, mpaka masikio wanapakwa losheni ya jua!

Panya mmoja, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia 2016 na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa ushujaa, eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi alikuwa analimaliza kwa nusu saa, mtu na mashine yake anaweza kukaa hapo siku nzima hadi siku nne. Halafu siku hizi kuna wenzake wanafundishwa kunusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye makontena, na majaribio yashafanyika bandarini Dar.